TUSIUZE BEBERU WA MBEGU

Kila inapokaribia Sikukuu ya Idd el Hajj, masoko ya Unguja na Pemba huingiwa na pilikapilika ya mbuzi. Mwenye nyumba humshika mnyama, humfumbua mdomo na kumtazama meno, humpapasa mgongo kwa kiganja, humkagua macho na masikio, kisha humtembeza hatua chache aone kama hachechemei. Hafanyi hayo kwa upekuzi wa bure. Mnyama wa udhhiya hafai akiwa chongo, kiwete, mgonjwa au aliyekonda hadi mifupa kuonekana. Na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Visiwani, mbuzi sharti awe ametimiza miaka miwili.

Mbuzi huyo anayekaguliwa mara nyingi hakuzaliwa Visiwani. Amevushwa bahari kutoka bara, na kabla ya kuvuka amepita mikono mingi: mkono wa mchuuzi wa kijijini, wa mnada wa wilaya, wa lori, wa mnada mkuu wa Pugu au soko jingine la pwani, na mwisho wa chombo kilichomleta. Kila mkono umeongeza bei, lakini hapana hata mmoja uliomwongezea mnyama nyama. Bali kila siku ya safari imempunguza. Mnunuzi wa Visiwani analalamika kuwa mbuzi ni ghali naye ni mwembamba. Mfugaji wa bara analalamika kuwa aliuza kwa bei ya kutupa. Malalamiko yote mawili ni ya kweli, nasi tunaamini kuwa sehemu kubwa ya dawa yake haipo bandarini wala mnadani. Ipo zizini, alikozaliwa mbuzi.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wasomaji wetu watufuate hadi wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, tutazame zizi la familia ndogo. Tumeichagua Manyoni kwa kuwa ni nchi ya mbuzi hasa, na kwa kuwa yale yanayolikabili zizi la Manyoni ndiyo yanayoyakabili mazizi ya mikoa yote ya kati.

Nchi ya mvua moja

Manyoni iko katikati ya Tanzania, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Anayetoka Dodoma kwa Reli ya Kati hupita nyanda za chini za Bahi, Kintinku na Makutupora, kisha treni huanza kupanda ukingo kuelekea Saranda na Manyoni mjini. Kutoka hapo reli huendelea magharibi hadi Itigi, penye vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea ulimwenguni huvijua kwa jina la mji huo. Mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na miezi inayobaki ni jua. Mtama, uwele na alizeti hustahimili hali hiyo. Mahindi mara nyingi hushindwa.

Katika nchi ya namna hiyo mbuzi si pambo. Ng'ombe hutaka nyasi, na nyasi hukauka. Mbuzi hula majani ya vichaka, hula makaka ya migunga yanayoanguka wakati wa kiangazi, tena huweza kusimama kwa miguu ya nyuma akafikia tawi ambalo ng'ombe hulitazama tu. Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu na Wataturu wa wilaya hiyo wameujua ukweli huo kabla ya ofisi yoyote ya mifugo kujengwa.

Wazee wa Ugogo walikuwa na sababu nyingine ya kumheshimu mnyama huyu. Kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana, nchi yao iliangukiwa na njaa waliyoiita Mtunya, ambayo iliua maelfu ya watu. Katika nchi iliyopata fundisho kama hilo, mfugo hauwi kitoweo tu. Ni ghala lenye miguu. Mavuno yakikosekana, mbuzi hugeuzwa nafaka. Mtoto akiugua, mbuzi hugeuzwa dawa. Shule zikifunguliwa, mbuzi hugeuzwa sare na madaftari. Afisa anayemwambia mfugaji kwamba mbuzi wake ni "wa kienyeji tu, hawana faida" hajaelewa faida inayotafutwa.

Hata hivyo, kuheshimu mila si kufumba macho. Tanzania ina mbuzi zaidi ya milioni 20, na wengi mno miongoni mwao ni hao wa kienyeji, wadogo wa umbo, wavumilivu wa kiu na maradhi, lakini wazito wa kukua. Uvumilivu wao ni hazina. Udogo wao, kwa sehemu yake kubwa, umetokana na nchi yenyewe. Lakini sehemu nyingine tumeisababisha wenyewe.

Nusu ya zizi

Msomaji wa umri wetu akisikia neno mabeberu hukumbuka hotuba za miaka ya 1960 na 1970, na ngumi zilizoinuliwa juu kulaani unyonyaji. Leo tunamzungumzia beberu mwenye ndevu na pembe, ambaye hana dhambi yoyote. Dhambi ni yetu, kwa jinsi tunavyomtumia.

Jike huzaa mtoto mmoja, pengine mapacha, kwa kila uzazi. Beberu mmoja anatosha majike 20 hadi 30, na kila mtoto anayezaliwa hubeba nusu ya urithi wake. Ndiyo maana wafugaji hodari husema beberu ni nusu ya zizi. Akiwa mzuri, zizi zima hupanda. Akiwa hafifu, zizi zima hushuka naye.

Sasa tutazame linalotokea. Mchuuzi anapita kijijini. Macho yake huenda moja kwa moja kwa yule dume mrefu, mpana wa kifua, mwenye manyoya yanayong'aa. Huyo ndiye mwenye bei. Mfugaji ana shida ya siku hiyo, naye hatuwezi kumlaumu. Anamfungua kamba dume huyo akiwa na mwaka mmoja, kabla hajamaliza kukua na kabla hajaacha mtoto zizini. Anayebaki ni yule mdogo ambaye mchuuzi alimpita bila kumtazama. Huyo ndiye atakayepanda majike mwaka huo. Na mwaka unaofuata mambo ni yale yale. Huu ni mfano wa mtu apepetaye nafaka, akatupa punje na kuhifadhi makapi, kisha akashangaa shamba lake halizai.

Kosa la pili hufuata la kwanza. Kwa kuwa beberu aliyebaki hana soko, hukaa zizini miaka mitatu, minne, hata mitano. Jike wa kienyeji huweza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo beberu huyo huwapanda binti zake, kisha binti za binti zake. Matokeo yake ni watoto dhaifu, vifo vingi, na majike wasioshika mimba upesi. Mfugaji husema zizi lake limepatwa na mkosi. Hakuna mkosi hapo. Kuna ukoo uliozaliana wenyewe kwa wenyewe.

Mafunzo ya waliotangulia

Si kwamba nchi yetu haikujaribu kuinua mbuzi. Kuanzia miaka ya 1960, katika kituo cha Malya, wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, wataalamu walichanganya damu tatu: asilimia 55 ya Kamorai kutoka Pakistani, asilimia 30 ya Boer kutoka Afrika Kusini, na asilimia 15 ya mbuzi wetu wa kienyeji. Walitafuta mnyama mwenye nyama na maziwa ya kiasi, anayeweza kuishi katika nchi kavu. Huyo ndiye mbuzi anayeitwa Malya. Kituo cha utafiti cha Kongwa, ambacho hakiko mbali sana na Manyoni, ni miongoni mwa vituo vilivyoendelea kumtunza.

Katika miaka ya 1980 waliletwa Morogoro mbuzi wa maziwa kutoka Norway, na kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wakafika kwa wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Wakulima wengi huko hufuga mbuzi wachache bandani, hukata majani na kuwapelekea, na maziwa hunywewa nyumbani na mengine huuzwa. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1996, wakulima wa Meru walipata mbuzi aina ya Toggenburg kwa msaada wa shirika la FARM-Africa. Jambo la kusifiwa zaidi huko Meru si mbuzi mwenyewe, bali utaratibu. Kikundi kilimkabidhi mwanachama mmoja beberu. Majirani wakamletea majike wao kwa malipo madogo. Beberu akahamishwa kwenda kikundi kingine kabla binti zake hawajakomaa. Na kila uzazi ukaandikwa. Hatimaye wafugaji wakaunda chama chao wenyewe cha kuzalisha na kuuza mbuzi.

Hapa panahitajika tahadhari. Mgeta na Meru ni nchi za baridi na majani mabichi. Manyoni ni nchi ya joto na vumbi. Kumchukua mbuzi wa Norway na kumwachia achungwe katika jua la Kintinku ni kumhukumu kifo. Kinachofaa kuigwa Manyoni ni utaratibu wa Meru, pamoja na damu ya Malya au ya beberu bora wa kienyeji aliyechaguliwa hapo hapo.

Na tusisahau historia ya Kongwa yenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, kwa matrekta na mamilioni ya pauni, bila kusikiliza sana ardhi na mvua zilikuwa zinasema nini. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Nchi ya kati haishindwi kwa ukubwa wa mitambo. Hulainika kwa mtu mwenye zizi dogo, anayemjua kila mbuzi wake kwa sura.

Hesabu ya zizi moja

Tuchukue mfano wa familia yenye majike 10. Tuseme kila jike analea mtoto mmoja kwa mwaka hadi akaachishwa ziwa. Watoto ni 10, nusu wake madume. Kati ya madume watano, familia ichague mmoja tu: aliyekua upesi kuliko wenzake, ambaye mama yake ana maziwa mengi na hajawahi kutupa mtoto. Huyo awekwe kuwa mbegu. Wale wanne wahasiwe wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kwa koleo la kuhasia, na kwa mkono wa mtaalamu. Kati ya majike watano wachanga, wawili walio bora wabaki kuchukua nafasi ya majike wazee, na waliosalia wauzwe.

Maksai wale wanne hawatasumbua majike wala kupigana. Chakula chao kitageuka nyama. Wakikaa hadi watimize miaka miwili, familia itakuwa na mbuzi wanne wanene wa kuuza kila mwaka, na beberu wa mbegu hajaguswa. Yeye baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili abadilishwe na beberu wa jirani wa kijiji cha pili. Familia nne zilizokubaliana zinaweza kuzungusha mabeberu wanne kwa miaka mingi bila kununua hata mmoja.

Hapa ndipo sheria ya Visiwani na haja ya Manyoni zinapokutana, na ajabu yake ni kwamba wachache wamelitambua hilo. Tunayemtaka kwa udhhiya ni mbuzi wa miaka miwili, mnene, asiye na kilema. Wanazuoni wetu wanakubali kuwa maksai anafaa, kwa kuwa kuhasiwa huongeza unono wa nyama. Kwa hiyo hatuna haja hata kidogo ya kumchukua beberu wa mbegu. Tunamchukua kwa sababu ndiye pekee tunayeletewa. Mnunuzi akiagiza maksai wa miaka miwili, ametimiza ibada yake na ameliokoa zizi la mwenzake.

Kalenda nayo inatusaidia kwa sasa. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika miaka hii inaangukia Mei na Juni, mwisho wa mvua za Manyoni, wakati mbuzi amenenepa kwa majani. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Jike akipandwa Julai huzaa Desemba, maziwa yakiwa mengi kwa kuwa majani yamechipua. Na dume atakayezaliwa Desemba atakuwa amevuka miaka miwili kwa miezi kadhaa Idd itakapofika.

Liko jambo dogo la sikio ambalo nalo lisipuuzwe. Wafugaji wengi huwatambua wanyama wao kwa kukata kipande cha sikio. Kwa mnunuzi wa udhhiya wa madhehebu yetu, mnyama aliyekatwa kipande cha sikio ana dosari, bali tundu la hereni halimharibu. Mfugaji atumie hereni yenye namba, na namba hiyo aiandike: mama ni nani, baba ni nani, alizaliwa lini, aliugua nini. Wahenga wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shule la kurasa chache linatosha zizi la mbuzi 30 kwa miaka kadhaa, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa karani wake.

Chakula na ardhi

Singida inajulikana nchi nzima kwa alizeti. Baada ya mafuta kukamuliwa hubaki mashudu, chakula chenye nguvu kwa mnyama, ambacho kwa kiasi kikubwa hupakiwa kwenye malori na kwenda kulisha mifugo ya mbali. Konzi chache za mashudu kwa siku, pamoja na makaka ya migunga yaliyookotwa na kuhifadhiwa, na majani ya karanga yaliyoanikwa, humvusha jike mwenye mimba kiangazi bila kukonda. Si haki mbuzi wa Manyoni afe njaa ubavuni mwa mtambo wa kukamua alizeti.

Wapo maafisa watakaotuambia kuwa mbuzi ni adui wa ardhi, nao hawakosi ushahidi. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula nchi kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973, uliishia kuhamisha mifugo yote kutoka eneo lililoharibika mwaka 1979. Miti na nyasi zilirudi, lakini wenye mifugo walilipa gharama kubwa. Fundisho tunalolipata ni kwamba idadi bila ubora huangamiza ardhi na mfugaji kwa pamoja. Familia yenye mbuzi 25 waliochaguliwa, wenye afya na soko la uhakika, haina sababu ya kufuga 60 waliokonda ili kujikinga na vifo. Kuboresha koo, basi, ni njia mojawapo ya kuhifadhi ardhi, tena isiyohitaji amri ya kumhamisha mtu.

Wajibu wa wanaohusika

Mfugaji hawezi kufanya yote peke yake. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kuwapo nchini mwaka 2008, na ulimwengu umejiwekea lengo la kuifuta ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo, ambamo mbuzi na kondoo huchanjwa dhidi ya sotoka. Jambo hilo lisiwe la msimu. Ugonjwa haujui mpaka wa bahari. Zizi lisilochanjwa Manyoni ni hatari kwa mbuzi wa Kizimbani na Wete. Aidha homa ya mapafu ya mbuzi na minyoo huua bila kutangazwa, nazo zinahitaji bwana mifugo anayefika zizini, si anayengojewa ofisini.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, wilaya za mikoa ya kati zipatiwe mabeberu wachache wa Malya na wa kienyeji waliochaguliwa, wakabidhiwe vikundi kwa mkataba wa kuzungushwa, wala wasigawiwe kama zawadi siku ya sherehe na kusahaulika kesho yake. Pili, minada iwe na mizani, na mbuzi auzwe kwa uzito. Maadamu bei inakadiriwa kwa macho, anayenenepesha hapati tofauti na asiyenenepesha. Tatu, Wizara za mifugo za pande zote mbili, kwa kuwa kila upande una yake, zikubaliane juu ya cheti kimoja cha afya na umri kitakachomfuata mnyama kutoka zizini hadi bandarini. Nne, jumuiya za misikiti na vyama vya ushirika vya Visiwani viagize mapema, mwaka mzima kabla, moja kwa moja kwa vikundi vya wafugaji. Anayeagiza wiki ya mwisho hana budi kukubali atakachokuta.

Tunajua shida ya siku moja ina nguvu kuliko faida ya miaka miwili. Mwenye mtoto mgonjwa hataambiwa angoje maksai akomae. Ndiyo sababu tunasema agizo la mapema, lenye malipo ya awali ya kiasi, lina thamani kuliko semina kumi: humpa mfugaji pumzi ya kumbakiza beberu wake zizini.

Idd ijayo, mwenye nyumba wa Mchambawima au wa Mkoani atakapompapasa mbuzi mgongo, amwulize muuzaji swali moja zaidi ya yale aliyozoea: je, huyu ni maksai, au ni beberu wa mbegu wa mtu? Swali hilo likiulizwa na wengi, jibu lake litafika Manyoni bila barua.